Ukingo wa maji na mpaka wa watu: kuchora ramani ya mbuga ya ndege wahamao wilayani Bahi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji kimoja wilayani Bahi, Dodoma. Kijiji kimekubali kutenga kipande cha mbuga kwa ajili ya ndege wanaotoka mbali, wale wanaokuja na kuondoka. Kipande hicho kimepakana na majaruba ya mpunga, na maji yake tunaweza kuyazuia au kuyaachia kwa mlango mmoja wa mfereji. Nimepewa kazi ya kutengeneza ramani. Nina kompyuta yenye QGIS, programu ya kuchora ramani, simu yenye GPS na pikipiki ya kuazima. Nimekwama mahali padogo: mpaka wa maji niuchore wapi? Picha ya setelaiti ya Septemba inaonyesha nyasi tupu, ya Machi inaonyesha ziwa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapo ulipopaita padogo ndipo ramani nyingi za ardhioevu za huku kwetu zinapoharibikia. Mchoraji anachagua picha moja iliyo safi, kwa kawaida ya kiangazi kwa sababu haina mawingu, anazungushia mstari wa bluu, kisha kijiji kinaishi na mstari huo miaka 20. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba usichore ukingo mmoja wa maji. Chora kingo nyingi, kila mmoja na tarehe yake na kina chake. Halafu, pembeni kabisa na hizo, chora mpaka wa makubaliano ya kijiji. Ukingo wa maji unasogea, mpaka wa watu hausogei. Ukivichanganya hivyo viwili katika mstari mmoja, utaleta ugomvi usioisha.

Tuanze na tabia ya mahali penyewe. Mto Bubu unashuka kutoka milima ya Kondoa, unapita Chemba, unamwaga maji yake kwenye bonde la Bahi na safari inaishia hapo. Hakuna mto unaoyatoa kuyapeleka baharini. Yanayoingia hutoka kwa njia ya jua, na jua la Dodoma hunywa kwa mwaka mara kadhaa ya kiasi kinachonyesha, maana mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 tu, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Maji yakiondoka kwa mvuke yanaacha chumvi nyuma, na ndiyo maana kina mama wa Kigogo wa eneo hilo wamechemsha chumvi tangu zamani. Zaidi ya hayo kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule tunaouita udongo wa mbuga: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unavimba na kufunga kama sufuria. Uwanda wenyewe ni bapa mno. Chukua mfano wa uwanda unaoshuka mita 1 kwa kila kilomita 2: maji yakipanda sentimita 10, ambayo ni urefu wa kidole na ushei, ukingo umesogea mita 200. Kwa hiyo picha zako mbili zote zinasema kweli.

Sasa weka kalenda ya ndege juu ya kalenda hiyo ya maji. Wageni wa kaskazini huanza kufika kwetu Septemba na Oktoba, na wengi huondoka Machi na Aprili. Wamo korongo weupe wanaozaliana Ulaya, wanaoshuka kwa njia ya Mashariki ya Kati na bonde la Nile. Wamo vitwitwi, wale ndege wadogo wa miguu mirefu wanaopekua tope, ambao baadhi yao wamezaliwa Siberia. Utaona mara moja kwamba wanafika mbuga ikiwa kavu. Wanapitia mabwawa na madimbwi yaliyosalia, kisha mbuga inajaa wakiwa wapo tayari. Mwezi wa Machi wanakula kwa pupa kujinenepesha kwa safari ya kurudi, na mafuta hayo ndiyo petroli yao. Mlango wenu wa mfereji una thamani kubwa zaidi katika majuma hayo. Mkiuachia wote kwa siku mbili, tope linakauka kwa mkupuo na chakula kinaisha. Mkiuachia kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, kila siku ukanda mpya wa tope laini unafunuliwa, na ndege wanaufuata.

Ndiyo maana nasema ramani ya mbuga inayosimamiwa kwa mlango ni ramani ya kina. Vitwitwi wadogo wanahitaji tope au maji yasiyozidi sentimita 5 hivi. Wenye miguu mirefu zaidi wanaweza kwenda sentimita 15 au 20. Bata wanaokula kwa kuinamisha kichwa hawapendi zaidi ya sentimita 30, kwa sababu shingo haifiki chini. Ramani inayosema tu "hapa pana maji" haimwambii mshika mlango chochote.

Kina utakipataje bila vyombo vya gharama? Wengi hukimbilia data ya miinuko iliyokusanywa na chombo cha anga mwezi Februari 2000, ile inayopatikana bure kwa pikseli, yaani vipande vidogo vinavyounda picha, za mita 30. Kwenye vilima vya Kondoa itakufaa sana. Kwenye sakafu ya mbuga iache, kwa sababu makosa yake ya wima ni mita kadhaa na wewe unatafuta sentimita. Nimeona ramani ya mafuriko iliyotengenezwa kwa data hiyo ikionyesha maji yakipanda mlima kidogo halafu yakishuka, na watu wazima wakaipokea kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri.

Mbuga yenyewe itakuchorea kontua. Maji yaliyotulia ni bapa, hivyo ukingo wake wa siku fulani ni mstari wa mwinuko mmoja pande zote. Simika geji, yaani nguzo iliyowekwa alama za sentimita, mahali penye kina kikubwa zaidi ndani ya eneo lenu. Mtu mmoja anayekaa jirani aisome kila baada ya siku 5 na kuandika kwenye daftari. Kwa nini siku 5? Kwa sababu setelaiti mbili za Sentinel-2 za Ulaya hupita juu ya Bahi kwa mpangilio huo, na picha zake zina pikseli za mita 10. Pakua tarehe za kupita uzipatanishe na daftari. Geji ikisoma sentimita 60 siku ya picha, ukingo wa picha hiyo ni kontua ya 60. Majuma matatu baadaye inasoma 45, na una kontua ya 45. Msimu ukiisha utakuwa na mistari 8 au 10 iliyopangana kama pete za gogo, na hiyo ni ramani ya kina ambayo mpimaji wa kukodi angekutoza fedha nyingi kuipata. Angalizo moja: ndani ya majaruba kila jaruba lina usawa wake, na karibu na mdomo wa mfereji maji yanatembea, kwa hiyo kanuni hii inafanya kazi kwenye maji yaliyolala peke yake. Nyuma ya tuta jingine weka geji nyingine.

Setelaiti hupiga kila rangi ya mwanga peke yake, na kila moja huitwa bendi. Kuyatoa maji kwenye picha kuna fomula rahisi: bendi ya kijani toa bendi ya mwanga usioonekana wa karibu na nyekundu, gawanya kwa jumla yake. Kwenye Sentinel-2 hizo ni bendi ya 3 na ya 8. Maji hutoa namba chanya, nchi kavu hasi. Lakini Bahi ina mitego yake, na hapa naomba usome polepole. Maji ya masika ni ya tope, hung'aa kuliko maji safi, na fomula inaweza kuyakosa. Jaribu pia kuibadilisha bendi ya 8 kwa ya 11, ingawa pikseli zake ni za mita 20. Udongo mweusi uliolowa na nyasi zilizoungua ni vyeusi mno, na mara nyingi huingia kama maji. Ganda la chumvi nalo hung'aa na kuvuruga namba uliyoiweka ya kutenganisha maji na nchi kavu. Mtego mkubwa kuliko yote ni matete. Chini ya matete kuna maji ya kufika kiunoni, lakini setelaiti inaona majani ya kijani tu, na ukiamini picha utaandika "uoto wa nchi kavu" mahali ambapo bata wamejificha. Kwa hiyo matete yafanye kuwa tabaka lake peke yake, uyapitie kwa miguu au kwa mtumbwi, na uandike kina kwa fimbo. Januari na Februari mawingu yakifunika, tumia rada ya Sentinel-1, inayopenya mawingu na iliyopo tangu 2014. Siku ya upepo mkali usiiamini rada, maana mawimbi madogo huyafanya maji yafanane na nchi kavu.

Kisha rudi nyuma kwenye historia. Picha za Landsat, setelaiti za Marekani, zenye pikseli za mita 30 zinafika hadi 1984, na zote ni bure. Za miaka ya 1990 kwa eneo letu ni chache, na za Landsat 7 baada ya Mei 2003 zina mistari mitupu kwa sababu kifaa chake kiliharibika, lakini utapata za kutosha. Tafuta msimu wa 1997/98, mvua za El Nino, uone maji yanaweza kufika wapi yakiamua. Tafuta 2006 baada ya ukame, uone yanakosekana kiasi gani. Kwa kila pikseli hesabu ni mara ngapi ilikuwa na maji, ugawe kwa idadi ya picha ambazo pikseli hiyo ilionekana bila wingu. Usigawe kwa picha zote, la sivyo masika yatapungua kwa uongo, kwa kuwa mawingu na maji huja pamoja. Ramani ya marudio hayo ipeleke kwenye mkutano wa kijiji. Wazee wataitambua mara moja, watakuambia mwaka gani walivua kambale mahali ambapo leo pana mtama, nawe utajua picha yako imepatia au imekosea.

Nataka uelewe pia kwa nini nasisitiza mlango. Huko Marekani, jimbo la Utah, kuna hifadhi ya ndege wahamao iitwayo Bear River, kwenye delta ya mto unaoingia Great Salt Lake. Ni bonde lisilo na njia ya kutokea, kama la Bahi. Maji ya mto yalipochukuliwa juu kwa ajili ya mashamba, mabwawa ya delta yalikauka, na mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa ulioenea kwenye maji machache yaliyobaki uliua ndege kwa wingi wa kutisha. Mwaka 1928 Bunge la nchi hiyo liliianzisha hifadhi, yakajengwa matuta yaliyoigawa delta vipande vipande, kila kipande na mlango wake. Tangu hapo ramani ya kazi ya mahali hapo ni ya vipande na milango: maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, kina gani mwezi gani. Mwaka 1983 ziwa lenyewe lilipanda, likavuka matuta, maji ya chumvi yakaimeza hifadhi, na kazi ya kuijenga upya ikachukua miaka. Bonde lisilo na tundu chini lina kumbukumbu ndefu, na mwaka wa maji mengi utarudi tu.

Kwa hiyo kwenye ramani yako mlango upewe alama kubwa kuliko yote. Andika upana wake, kimo cha kizingiti chake, na mtu mwenye ufunguo. Onyesha kila tuta na sehemu yake ya chini kabisa, kwa kuwa hapo ndipo maji yatakapovukia. Onyesha kila kalavati, hata lililoziba. Kimo cha kizingiti kiunganishe na sifuri ya geji. Kazi hiyo inafanywa na mpira mwembamba wenye maji ambao mafundi ujenzi huutumia kusawazisha msingi, mita 20 kwa 20, na ukirudia mara mbili utapata jibu la kuaminika. Bila kiungo hicho mshika mlango hawezi kujua kwamba akiondoa ubao mmoja ukanda wa vitwitwi utakuwa upande gani.

Juu ya mlango wenu kuna mto, na juu ya mto kuna watu wengine. Mradi wa Bwawa la Farkwa uko kwenye Bubu huohuo, kwa ajili ya maji ya Jiji la Dodoma. Silaumu mtu kwa kuhitaji maji ya kunywa. Lakini kijiji chenye daftari la geji la miaka mitano kitazungumza mbele ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati kwa namna ambayo kijiji chenye malalamiko matupu hakiwezi. Anza daftari sasa.

Kuhusu viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali kwenye ramani, nikupe kisa kilichoniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kijiji kimoja kuweka nguzo za mpaka wa malisho. Tulisoma pembe kutoka kwenye karatasi ya zamani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, tukaziingiza kwenye GPS, tukachimba. Nguzo tatu ziliangukia katikati ya shamba la mama mjane, ambaye alilia akidhani tumetumwa kumnyang'anya. Karatasi zile zilichorwa kwa mfumo wa zamani wa viwianishi uitwao Arc 1960, na simu zetu husoma mfumo wa GPS, WGS 84. Kati ya mifumo hiyo kuna tofauti ya kama mita 300 kwa huku kwetu. Tulizing'oa siku ileile na nikamwomba radhi mbele ya jirani zake. Wewe kwenye QGIS chagua WGS 84, UTM zoni 36 Kusini, namba 32736. Karatasi ya zamani ipe namba 21036 kwanza, ndipo programu iihamishe. Bahi na Jiji la Dodoma ziko zoni 36, Kongwa iko 37, kwa hiyo data ya wenzako wa huko usiibandike tu.

Sasa mpaka wa watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Watu watakuuliza mita 60 kutoka wapi, na kwenye mbuga hilo ni swali la haki. Ushauri wangu ni kwamba kijiji kichague ukingo mmoja kati ya zile pete, kwa mfano ule unaofikiwa na maji katika nusu ya misimu, kisha eneo la ndege lifungwe kwa pembe chache zilizonyooka zinazouzunguka. Kila pembe iwe na namba zake na kitu kisichohama: mbuyu, mwamba, nguzo ya reli. Mkutano Mkuu wa Kijiji upitishe, na liingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kwa taratibu za Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ina makao yake hapahapa Dodoma, hivyo huna safari ndefu. Na kabla ya kunyoosha mistari, tembea na wafugaji. Mapito ya ng'ombe kwenda kunywa yakifungwa na ramani, ramani itashindwa mwaka wa kwanza. Ng'ombe wachache wanaokula nyasi za ukingoni Julai wanawasaidia vitwitwi, kwa kuwa nyasi ndefu huwanyima uwazi wa kumwona adui. Yaandike mapito na miezi yake.

Limebaki jambo ambalo sijaliona kwenye ramani nyingi, na naomba usiliache. Kweleakwelea. Kila mtu wa Dodoma anajua wanavyofyeka mtama na mpunga, na njaa inayofuata. Hulala kwa maelfu kwa maelfu ndani ya matete, na ndege ya serikali ikiletwa hunyunyiza dawa ya fenthioni jioni wanapolala. Dawa hiyo haichagui. Inaua ndege wengine waliolala hapo, na wanaokuja asubuhi kula mizoga, na ni sumu kwa viumbe wa majini. Chora kila tete ambalo kweleakwelea wamewahi kulala, na chora malalo ya yangeyange, korongo na bata. Pale yanapokaribiana, weka alama nyekundu na umbali wa kila moja kutoka kwenye maji. Karatasi hiyo iwe mkononi mwa afisa kilimo wa kata kabla ya msimu. Rubani hawezi kukwepa asichoonyeshwa, na pia mnunuzi wa kwelea wa kitoweo anapaswa kujua ni wapi pamenyunyiziwa.

Ndege wenyewe wahesabuni Januari, mwezi ambao sensa ya ndege wa majini hufanyika Afrika nzima, na tena katikati ya Machi. Chagua vituo 6 au 8, vilevile kila mwaka, saa ileile ya asubuhi. Andika sifuri pale usipoona kitu, maana sifuri nayo ni taarifa. Mkiwahi kufikisha ndege wa majini 20,000 kwa kawaida ya kila mwaka, mmegusa kimojawapo cha vigezo vya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, ambao Tanzania ilijiunga nao 2000. Hata wasipofika 2,000, orodha yenu ina uzito. Viota na malalo yasiingie kwenye ramani ya ukutani. Hayo yakae kwenye nakala ya kamati, kwa sababu mtegaji naye anajua kusoma.

Utakuwa na karatasi mbili, basi. Ya ukutani yenye mpaka, mapito, mlango, visima na majina ya Kigogo ya kila kona, kwa sababu watu hulinda mahali wanapopataja kwa jina. Na ya mshika mlango, yenye pete za kina na kimo cha geji pembeni mwa kila pete, iwekwe kwenye plastiki isiloe.

Haya yote yanaanza na nguzo moja. Tafuta mti mgumu usioliwa na mchwa au bomba la chuma la mita 2, lipakwe rangi nyeupe na alama nyeusi kila sentimita 10, na lichimbiwe mita nzima ndani kwa sababu udongo wa mbuga ukivimba huisukuma nguzo juu. Pigilia msumari kwenye mbuyu wa jirani, upime kwa mpira wa maji tofauti ya kimo kati ya msumari na sifuri ya geji, na uiandike ukurasa wa kwanza wa daftari, ili nguzo ikipanda au ikiangushwa na ng'ombe mjue ilikuwa wapi. Fanya hivyo Novemba, nyufa zikiwa bado wazi na pikipiki ikiweza kufika.